Mzani wa Ngumi

Siku ya kwanza dada yangu kuingia Kidato cha Tatu C, walimrushia mguu wa kiti. Kiti chenyewe kilishavunjwa zamani, ulibaki mguu tu, wa mbao ngumu, na msumari umetokeza mwishoni. Uliruka kutoka nyuma ya darasa ukampata begani upande wa kushoto, upande wa sikio lisilosikia. Hata ungekuja unapiga honi asingeusikia.

Wanafunzi wakatulia wamwone akitoka mbio kwenda kwa Mkuu wa shule. Walimu watatu kabla yake walitoka hivyo na hawakurudi. Yeye aliuokota, akaupima uzito mkononi, akaurusha juu kidogo na kuudaka.

"Nani karusha? Simtafuti nimchape. Nataka ajue kwa nini amekikosa kichwa."

Wakatazamana.

"Umerusha umekaa. Mtu aliyekaa anarusha kwa bega tu. Ungesimama, ukakaza mguu wa nyuma, ukageuza kiuno, sasa hivi wenzako wangekuwa wananibeba. Njoo basi nikufundishe."

Huko nyuma mtu akacheka. Halafu akasimama kijana mwembamba mwenye kovu jipya kwenye nyusi, akaja mbele anatembea kama mtu anayekuja kudai chake. Huyo ndiye Shoti. Walimpa jina hilo kwa sababu anawaka bila mtu kugusa swichi.

"Ticha, we ni mwalimu au ni mhuni mwenzetu?"

"Nilikuwa bondia," dada akamjibu. "Mapambano kumi na moja. Shika chaki."

Haya alinisimulia mwenyewe nikimkanda bega kwa maji ya moto. Bega lilikuwa limevimba, msumari umeacha tundu, na yeye anacheka. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo kwa miaka minne.

Dada ndiye aliyenilea tangu mama afariki. Tunakaa vyumba viwili nyuma ya yadi ya matairi. Yeye alikuwa anatoka kwenda kufundisha fizikia, mimi nabaki nashona viti vya pikipiki kwa cherehani. Mimi shule niliishia darasa la nne. Yeye ualimu aliusomea kwa ngumi, na hapo sitanii, kila pambano lilimlipia muhula. Pua yake imelalia upande. Sikio la kushoto lilizimika pambano la saba, kwa ngumi moja tu: alisikia filimbi siku tatu, halafu hakusikia tena kitu. Akiongea nawe anakugeuzia shavu la kulia, wasiomjua wanadhani anaringa.

Mkuu alimwajiri kwa majaribio ya mwaka mmoja, akampa Tatu C kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka. "Nikisikia damu," alimwambia, "aliyeimwaga anafukuzwa, na wewe unafuata."

Na damu ilikuwa haikatiki. Wale arobaini na tatu walipigana kwa mikanda, kwa penseli, kwa vifuniko vya madawati. Shoti alishafukuzwa shule mbili. Hii ilikuwa ya tatu, na ya nne ya kumpokea haikuwepo. Mama yake alikuja kumwambia dada hivyo, amepiga magoti kwenye korido, watoto wa watu wanapita.

Wiki ya pili dada akaniomba nimshonee gunia la kupigia. Nikalishona kwa turubai la lori, mshono mara tatu, nikalijaza vitambaa. Akalining'iniza kwenye boriti ya maabara. Ukutani, kimo cha kifua, akafunga mzani wa kupimia watu uzito, ule wa kukanyaga, akaufunika kwa kipande cha tairi. Ukilipiga tairi, mshale unaruka na kurudi upesi kuliko jicho. Kwa hiyo mmoja anapiga, mwingine anarekodi kwa simu, kisha wote wanabanana kuangalia video polepole mpaka mshale usimame. Namba inaandikwa. Waliokuwa hawana daftari, wakapata daftari. Salamu ya darasa ikawa, "We kilo ngapi?"

Kulikuwa na jitu moja mle, linainama kupita mlangoni. Lilipiga kilo hamsini na nane likajipiga kifua. Akafuata Sindano, msichana mdogo kuliko wote. Sitini na tatu.

"Mzani mbovu!" jitu likafoka.

"Mbovu mkono wako," Sindano akasema, anapuliza vidole. "Unapiga kama unafukuza nzi."

Dada akamrudisha Sindano apige tena, polepole, awaonyeshe nguvu inavyopanda kutoka kisigino, ikapita kiunoni, ikafika begani. Akachora mishale ubaoni. Jitu likanyoosha kidole kuuliza swali. Sindano alisema tangu aanze kusoma nalo hajawahi kuona likinyoosha kidole, labda cha kumtoboa mtu jicho.

Ijumaa zilikuwa za mieleka. Walileta kwenye simu zao video za wale mabaunsa wanaowaabudu, wanaobwagwa kutoka juu ya kamba. Dada anasimamisha video mtu akiwa hewani. "Huyu ana kilo mia na ishirini. Kwa nini akitua hafi?" "Ana dawa!" "Ana misuli ya shingo!" Basi anaangusha yai sakafuni, linapasuka. Anaangusha jingine kwenye sponji, linazama kidogo na kutulia. Jukwaa la mieleka ni mbao zinazonesa, na mtu anatua kwa mgongo wote na mikono yote. Mtihani wa nusu muhula nusu ya darasa ilifaulu. Mkuu alizirudia karatasi mara mbili akidhani wameibiana.

Siku ya somo la kanieneo nilikuwepo. Gunia lilikuwa limepasuka, nikaenda na sindano yangu ya turubai, nikakaa sakafuni nashona. Dada aliweka donge la udongo mbichi mezani. Akavaa glovu, akapiga. Udongo ukabonyea kama sahani. Akavua glovu, akafunga nati ya gurudumu juu ya vidole kwa kitambaa, fundo la kibondia, mara mbili na kupenyeza. Akapiga tena vilevile. Nati ikazama yote. Alipoutoa mkono, udongo ulikuwa na shimo ambalo ungeweza kutia kidole gumba.

"Kani ni ileile," akasema. "Eneo ndilo limepungua. Kani ileile kwenye eneo dogo, kanieneo inakuwa kubwa. Ndiyo sababu glovu ina sponji. Ukiipunguza sponji..."

"Unaua mtu!" Shoti akadakia, na darasa likapiga meza.

"Ukiipunguza sponji, ngumi inafika kwenye mfupa."

Alinitazama. Mimi nikatazama uzi wangu. Kulikuwa na maneno yamebaki, nayajua, na Shoti alikuwa anamtazama mdomoni akiyangoja. Kengele ikalia. Dada akasema, "Tutamalizia," akafuta ubao.

Hakumalizia. Wiki iliyofuata alianza somo la joto.

Jumamosi moja vijana wetu wakacheza mpira na shule ya jirani. Shule hizo mbili hazikuwahi kumaliza mechi bila mtu kushonwa. Mlinda mlango wao, kijana mpana anayetafuna kitu muda wote, ndiye aliyempasua Shoti nyusi muhula uliopita. Mimi na dada tulikaa upande wa goli lake. Kona ilipigwa, wakabanana, nikamsikia akimwambia Shoti, "Vipi, nyusi imepona? Lete na ile nyingine, zifanane."

Shoti alikaza mguu wa nyuma. Akageuza kiuno.

Sikusikia ngumi, nilisikia taya. Ililia kama kibanio cha nguo kinapovunjika. Shavu la yule kijana likafunguka nikaona meno yake kwa pembeni, mahali ambapo hupaswi kuona meno ya mtu. Alikaa chini taratibu, akaanza kutema kwenye nyasi, na alichokuwa anatema kilikuwa na vipande. Halafu uwanja mzima ukaingia. Watu waling'oa vibendera vya kona wakapigana navyo. Jitu letu lilimkaba mtu kwa wavu wa goli. Refa alipigwa teke la mgongo akalala kifudifudi, amekumbatia mpira.

Dada aliingia katikati, akamkumbatia Shoti kwa nyuma na kumkokota mpaka ukutani. Akaifungua ngumi yake. Kitambaa kilikuwa chekundu, na ndani yake nati ya gurudumu. Fundo lilikuwa la kibondia, mara mbili na kupenyeza.

"Kanieneo, Ticha," Shoti akasema. Hakuwa anamdhihaki. Alisema kama mwanafunzi anayejibu swali.

Jumatatu asubuhi baba wa mlinda mlango alikuja kwetu. Ni fundi wa kuchomelea mageti, mikono imejaa makovu madogo ya cheche. Alikuja na bomba la chuma. Pigo la kwanza lilipata pipa la maji, likapasuka, maji yakatuingia mpaka chini ya kitanda. La pili lilivunja meza ya cherehani yangu.

"Wewe ndiye mwalimu wa kupasua watoto?" akapiga kelele. "Toka! Toka unifundishe na mimi!"

Dada akatoka. Mikono ilimpanda yenyewe, ngumi mbili mbele ya uso, kidevu chini. Mzee yule alikuwa wazi ubavu wote. Ngumi moja ya kushoto angekaa kwenye matairi akisahau jina lake. Nilimwona dada ameiona nafasi. Kisha akashusha mikono.

Bomba likaja. Aliukinga uso kwa mkono wa kulia, mfupa ukavunjika chini ya kiwiko, na mkono ukapinda mahali pasipo na kiungo. Nilikuwa nimeshika mkasi wa kukatia turubai. Sikumbuki niliuchukua saa ngapi.

"Weka mkasi chini, mdogo wangu," dada akasema, amekaa kwenye maji. Akamwinulia uso yule mzee, akamgeuzia sikio lake zima. "Baba, mtoto anaendeleaje?"

Mzee alilitazama bomba kama si lake. "Wamemfunga taya kwa waya," akasema. "Wiki sita. Anakula kwa mrija." Akalitupa bomba kwenye matairi, akaondoka anatembea upandeupande.

Kamati ya shule ikaitishwa Jumatano. Jumanne Mkuu alikuja kuuona mkono wenye plasta, akakaa kwenye kigoda changu, miguu ameinyanyua asikanyage matope.

"Kijana ameandika kwamba ulimfundisha wewe," akasema. "Useme hukufundisha kitu kama hicho. Neno lake na neno lako. Yeye anafukuzwa, wewe unabaki. Darasa limeanza kufaulu, Mwalimu. Usilitupe kwa ajili ya mmoja."

"Nimekusikia," dada akasema.

Mkuu akaondoka. Kisha dada akaniambia, "Zile glovu bado ziko chini ya kitanda? Kesho uzibebe. Na mkasi."

Ofisi ya walimu ilikuwa imejaa. Mkuu, wazazi watano wa kamati, fundi wa mageti amejikunja kwenye kona, Shoti na mama yake. Shoti alikuwa ameng'ata mdomo wa chini mpaka umetoa damu. Mkuu akasoma ile karatasi, akauliza, "Mwalimu, haya ni kweli?" Huku amemkazia macho.

"Ni kweli. Nilimfundisha mimi."

"Mwalimu, hebu fikiri kwanza."

"Nimefikiri." Akaniashiria. "Mdogo wangu, fungua."

Nikaweka glovu ya kulia mezani, nikakata mshono. Nilijua pa kukatia. Nikaigeuza ndani nje, wote wakaona: kwenye vidole, mahali pa sponji, hapakuwa na kitu. Ngozi juu ya ngozi, na kitambaa chembamba cha kudanganyia mwamuzi akiibinya.

"Hii ilikuwa yangu, pambano la mwisho," dada akasema. "Nilitakiwa kushinda ndipo nimalize chuo. Nilipigana na msusi mmoja, mzuri kunishinda. Raundi ya tatu nilimpiga jicho la kushoto, likapasuka, likamwagika shavuni. Daktari akasema huenda lilikuwa dhaifu tangu zamani, nami nikamwacha aseme. Nilinyanyuliwa mkono juu. Huyu kijana nilimpa nusu ya somo. Nilimwambia ngumi inafika kwenye mfupa. Sikumwambia mfupa wa nani, kwa sababu ningelazimika kumtaja. Kosa lake la Jumamosi ni lake. Ila alilifanya kwa daftari langu."

Hakusema aliyeishona ni nani. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Aliniambia ni glovu za mazoezi tu, na mimi nilijua si za mazoezi.

Tulingoja nje saa nzima. Walipotuita, Mkuu alisoma bila kumtazama mtu. Mwalimu ameachishwa kazi kuanzia leo. Gunia lishushwe. Mwanafunzi asimamishwe masomo mpaka waya za yule mwenzake zitolewe, na baada ya hapo atarudi endapo baba wa aliyeumizwa ataridhia. Asiporidhia, amefukuzwa. Wote wakamgeukia fundi wa mageti. Alisimama, akavaa kofia.

"Mimi siridhii kitu kwenye kikao," akasema. "Anajua ninapokaa." Akatoka.

Shoti alitufuata mpaka getini. "Ticha, huyo msusi ulimwomba radhi?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Na mimi naogopa. Yule mzee atanipasua."

"Anaweza," dada akasema. Akatembea hatua kadhaa, akasimama. "Twende kwa wangu kwanza. Kisha twende kwa wako."

Saluni ilikuwa chumba kimoja chenye vioo viwili. Msusi alikuwa anamsuka mteja, amegeuza kichwa upande ili jicho la kulia lifikie kote. La kushoto lilikuwa limefumbwa, limezama. Alimwona dada kwenye kioo. Vidole vyake havikusimama mpaka akamaliza msuko ule na kuufunga.

"Umekuja," akasema.

"Glovu zangu hazikuwa na sponji," dada akasema. "Nilijua. Nimekuja kukuomba radhi."

"Nilijua tangu raundi ya kwanza. Ngumi ya sponji inasukuma, yako ilikuwa inachoma. Nilimwambia mwamuzi, akaniambia nisitafute sababu." Akaweka kitana chini, akaja karibu. "Miaka minne nakungoja wewe. Shusha mikono."

"Imeshuka."

Alimpiga mara moja, ngumi tupu, kutoka kisigino. Dada akaenda chini na kiti, na kikapu cha vibanio, na kioo kimoja. Mteja akapiga ukelele na kukimbilia mlangoni, nywele nusu. Dada aliinuka kwa mkono mmoja, akatema jino kwenye kiganja. Nilitaka kumshika, Shoti akanivuta nyuma.

"Kioo utakilipa," Msusi akasema, anahema. "Na usirudi hapa kuniomba tena. Umeshaomba." Akamgeukia yule mteja. "Na wewe rudi ukae, kichwa kimoja hakiwezi kwenda mtaani na staili mbili."

Tulipofika kwenye geti la fundi, sauti ya kuchomelea ilikuwa inakwaruza ndani na cheche zinatoka chini ya bati. Shoti alivua mkanda akanipa. Akatoa kila kitu mifukoni, kalamu, ufunguo, akaigeuza mifuko nje ionekane mitupu. Akagonga.

Kuchomelea kukakoma. Geti likamfunika. Tukasikia sauti ya mzee, chini, kisha juu, kisha pigo, kisha kitu cha chuma kikaanguka na kuviringika. Pigo la pili. Mkono mzima wa dada ulishapanda mbele ya uso, ngumi imekaza. Nikamshika kiwiko.

Shoti alipotoka, pua ilikuwa inachuruzika na jicho limeanza kuziba.

"Hakutumia chuma," akasema. "Alikuwa nalo bomba mkononi, akalitupa. Kanipiga makofi mawili, la pili akalia yeye."

"Kasemaje?"

"Niwe nakuja kila asubuhi kumsagia mwanawe chakula, maana hawezi kutafuna. Nikikosa siku moja, basi. Nikitimiza wiki sita, atanirudisha shule mwenyewe." Akajifuta pua, akaiangalia damu kwenye mkono. "Yule kijana kaniona dirishani. Hawezi kuongea. Kanionyesha ngumi."

Dada akamshika kidevu kwa mkono mzima, akamgeuzia kwenye mwanga, kama wanavyofanya watu wa kona bondia akirudi kukaa. "Pumua kwa mdomo," akamwambia. "Usiinamishe kichwa." Akachukua kitambaa changu cha kufutia mafuta ya cherehani, akamkandamizia puani.

Tukaanza kutembea. Shoti alikuwa ameanza upande wa kushoto, anaongea peke yake bila kujibiwa. Kisha akakumbuka, akazunguka akaja upande wa kulia.